Siku ya Mwaka na Hesabu ya Miongo

Ifikapo usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari watu wengi huweka nia. Mmoja huazimia kuacha tumbako, wa pili kulipa madeni yake, na wa tatu, naye ni mwanafunzi, huazimia kusoma kila jioni mpaka afaulu mtihani. Nia hizi ni njema, na wenye kuzitamka huzitamka kwa moyo safi. Lakini tukizitazama kwa makini twaona kuwa zote zina mwanzo, na karibu zote zina mwisho unaotamaniwa. Zilizosahauliwa ni siku za katikati. Mwaka huchukuliwa kuwa kitu kimoja kikubwa, kama gunia la mahindi lisilopimwa, na mwenye gunia hudhani kuwa halitakwisha.

Wazee wa pwani yetu ya Afrika Mashariki hawakuuona mwaka hivyo. Walikuwa na mwaka mpya wao, wakaupokea kwa shangwe kubwa kuliko tuupokeavyo wetu. Lakini siku ya pili yake walianza kuhesabu, wala hawakuacha kuhesabu mpaka mwaka ulipokwisha. Habari ya hesabu hiyo yafaa ijulikane na vijana, kwa kuwa bila ya hesabu hiyo miji kama Lamu, Malindi na Mvita isingalifanya biashara iliyoitajirisha.

Mwaka huo uliitwa Nairuzi, na siku yake ya kwanza Siku ya Mwaka. Neno Nairuzi latokana na lugha ya Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Mabaharia wa Ghuba ya Uajemi walikuwa nalo tangu zamani, likafika kwetu kwa njia ya bahari pamoja na tende na mazulia. Alfajiri ya Siku ya Mwaka watu walikwenda pwani kuoga, waume kwa wake, wakubwa kwa wadogo, na kuoga huko ndiko kulikoitwa kuoga mwaka. Moto wa kale jikoni ulizimwa, ukawashwa mwingine kwa kupekecha vijiti. Katika miji mingine ng'ombe alitembezwa kuuzunguka mji, kisha akachinjwa na nyama yake ikaliwa na watu wote. Makunduchi, kusini ya Unguja, sherehe hizi zaendelea mpaka leo kwa jina la Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kila mwenye kinyongo akitoe, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Kinyongo cha mwaka uliopita hakipewi ruhusa ya kuingia katika mwaka ujao.

Basi, shangwe zikiisha, ndipo hesabu ilipoanza. Mwaka wa Nairuzi ulikuwa na siku 365 kamili. Siku hizo hazikugawanywa kwa miezi, bali kwa makumi, na kila kumi liliitwa mwongo. (Neno hili lisichanganywe na mwongo yule asemaye uongo, wingi wa huyo ni waongo, na wingi wa hili ni miongo. Siku hizi tumelipandisha cheo, twalitumia kwa miaka kumi.) Mwaka ulikuwa na miongo 36, yaani siku 360, na siku 5 za ziada za kuukamilisha. Mtu aliyeulizwa leo ni lini aliweza kujibu kwa hesabu tupu: ni siku ya nne ya mwongo wa kumi na mbili. Akisema hivyo alikuwa amejibu maswali mawili kwa pamoja, kwa kuwa aliyejua siku ngapi zimepita alijua pia ngapi zimebaki.

Msomaji aweza kuuliza: je, hawakuwa na miezi? Walikuwa nayo, miezi ya Kiislamu iandamayo mwandamo wa mwezi, na kwa miezi hiyo walifunga Ramadhani, wakasali Idi na kuhesabu eda na madeni. Lakini mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11 ukilinganishwa na jua. Mkulima apandaye mtama kwa kufuata Rajabu, baada ya miaka michache ataupanda katika kiangazi kikavu. Kwa sababu hiyo ibada ilifuata mwezi, na jembe na tanga vilifuata Nairuzi. Watu wale walibeba hesabu mbili vichwani mwao bila ya kuchanganya moja na nyingine, na wengi wao hawakuwa na karatasi.

Kwa nini waliihitaji hesabu kali namna hii? Sababu ni pepo. Bahari ya Hindi ina pepo mbili kuu zipokezanazo zamu. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Novemba au Desemba na huendelea mpaka Machi. Hiyo huleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kisha hugeuka, na kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili mpaka Septemba. Hiyo huvirudisha vyombo makwao. Lakini katikati ya kusi, mnamo Juni na Julai, bahari huchafuka sana hata bandari za magharibi ya Bara Hindi zilikuwa zikifungwa. Basi nahodha wa jahazi hakuwa na mwaka mzima. Alikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kila mlango ulifunguliwa kwa majuma machache tu. Aliyechelewa kutoka alikaa bandarini mpaka mkia wa kusi, au mpaka mwaka mwingine, akila faida yake pamoja na mabaharia wake, huku mkewe na wenye kumdai wakimngoja ng'ambo.

Tufanye hesabu kidogo, maana pasipo hesabu jambo hili halionekani uzuri wake. Katikati ya karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Tuseme ni tarehe 28. Siku ya 100 ingekuwa tarehe 5 Desemba, wakati kaskazi inapoanza kukaza. Siku ya 200 ingekuwa katikati ya Machi, kaskazi inapochoka na mawingu ya masika yanapokusanyika. Siku ya 231, yaani mwanzo wa mwongo wa 24, ingekuwa katikati ya Aprili, na kusi imekwisha kuingia. Kwa hiyo nahodha aliyefika Mvita katika mwongo wa 13 alijua kuwa amebakiwa na miongo 10 tu ya kufanya kila kilichomleta, naye akaanza kuhesabu kwa kurudi nyuma.

Sharti shehena ya kurudia iwe tayari kabla ya kusi. Kama shehena ni boriti, sharti mikoko ikatwe, ichambuliwe na kupangwa kwa korija, ishirini ishirini, na kazi hiyo huchukua majuma. Kabla ya kupakia, sharti chombo kipwelezwe ufuoni, kisuguliwe magamba, kizibwe nyufa na kupakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili mdudu wa bahari asiule ubao. Lakini chombo kikubwa hakipwelezwi siku yoyote ile. Chahitaji bamvua, maji yale makuu yajayo mwezi uandamapo na mwezi upevukapo. Nayo huja mara mbili tu kwa mwezi. Nahodha aliyekosa bamvua moja kwa sababu ya maongezi ya barazani alingoja nusu ya mwezi mwingine. Kumbe hapa ile miezi aliyoiacha kwa ibada ilimrudia kwa kazi: mwongo ulimwambia amebakiwa na siku ngapi, na mwezi ukamwambia ni zipi kati ya hizo zimfaazo. Siku ya kusafiri haikuwa nia iliyo moyoni mwake. Ilikuwa imekwisha kupangwa na mbingu, na kila kazi nyingine ilipangwa nyuma yake kama mabaharia wavutao kamba moja.

Maisha haya yaliendelea hata zama za karibu. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, naye nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Kwa kaskazi waliteremka pwani ya Somalia, wakafika Lamu, Mombasa na Unguja, wakauza walichokuwa nacho na kushusha abiria. Kisha waliingia katika midomo ya mto Rufiji kutafuta boriti, na hapo mabaharia walifanya kazi katika matope na mbu, wengine wakaugua homa. Msomaji wa kitabu alichokitoa Villiers mwaka 1940 aweza kudhani kwamba watu wale walikuwa wavivu, kwa jinsi walivyokaa bandarini siku nyingi wakinywa kahawa. Mimi sidhani. Walikuwa wakingoja lililopaswa kungojwa, na wakati wa kupakia ulipowadia walifanya kazi tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Waliondoka na upepo wa kusi, nao wakafika Kuwait katikati ya 1939. Kuna kungoja kwa mvivu na kungoja kwa mwenye hesabu, na mgeni hawezi kuvitofautisha kwa kutazama tu.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote twaupata katika historia ya Malindi, nao wamhusu mtu ambaye jina lake kila mwanafunzi analijua, ijapokuwa si kwa sababu hii.

Vasco da Gama, Mreno, alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498. Mfalme wa Malindi alimpokea vema, akampa rubani ajuaye njia ya Bara Hindi. (Zamani iliandikwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwandishi mashuhuri wa elimu ya bahari, aliyepanga tarehe za safari kwa siku za Nairuzi katika kitabu chake cha mnamo mwaka 1490. Leo wanahistoria wengi hawaamini hivyo. Yaelekea rubani alikuwa mtu wa Gujarat.) Tarehe 24 Aprili merikebu zake ziliondoka. Kusi ilikuwa changa, imara na bado haijawa kali. Tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut. Bahari yote ile waliivuka kwa siku 26, na Wareno waliandika safari hiyo kama jambo jepesi. Ilikuwa nyepesi, kwa kuwa siku ya kuondoka ilichaguliwa na watu waliokuwa wakiihesabu bahari ile tangu kale.

Kurudi kulikuwa kwingine. Huko Calicut palitokea ugomvi baina ya da Gama na watu wa mfalme juu ya ushuru na bidhaa, akaondoka kwa hasira tarehe 29 Agosti. Kaskazi haijaanza. Alitangatanga kando ya pwani ya Bara Hindi, akatengeneza merikebu zake katika kisiwa cha Anjediva, na tarehe 5 Oktoba akaikabili bahari kuu. Hapana haja ya kumlaumu kupita kiasi. Aliogopa kushambuliwa, na mtu mwenye hofu huona kungoja miezi miwili ni kama kungoja kifo. Lakini upepo hauna habari ya hofu ya mtu. Mara walipata shwari, mara upepo wa mbisho, wakawa siku nyingi hawasogei. Maji ya kunywa yakapimwa kwa kikombe. Kiseyeye kikawashika: ufizi ulivimba ukafunika meno hata hawakuweza kula, miguu ikavimba, kisha mwili wote, na mtu akafa pasipo ugonjwa mwingine. Katika kuvuka huko watu 30 walikufa, na wengine 30 walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi hayo kabla yake. Kila merikebu ilibakiwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi, nao pia walikuwa wagonjwa. Tarehe 2 Januari 1499 waliiona pwani ya Somalia, na tarehe 7 wakafika Malindi, ambako watu wa mji waliwaletea machungwa.

Siku 26 kwenda, na karibu miezi mitatu kurudi, katika bahari ile ile na merikebu zile zile. Angalingoja Anjediva mpaka kaskazi ikaze, angaliweza kuwasili Malindi karibu na siku ile ile aliyowasili, pengine na watu wake wengi wakiwa hai. Haraka yake haikumpa hata juma moja la faida.

Pigo halikuishia hapo. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Waliteremka kusini, wakapita Mombasa, na katika mafungu ya mchanga karibu na Mtangata, pwani ya Tanga ya leo, waliihamisha shehena ya merikebu iitwayo São Rafael, kisha wakaitia moto. Walikaa huko siku 15, na watu wa pwani wakawaletea kuku wa kuuza, wakabadilishana nao kwa mashati na vikuku.

Nimesifu hesabu ya Nairuzi kwa maneno mengi, na haki yataka niseme upungufu wake. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo ya siku, na Nairuzi haikuwa na mwaka mrefu kama ule tulio nao wa siku 366. Kwa hiyo kila miaka 4 Siku ya Mwaka ilirudi nyuma siku moja. Siku ambayo leo huangukia Julai, katika karne ya 19 ilikuwa Agosti, na miaka 500 iliyopita ilikuwa Novemba, karibu na kuanza kwa kaskazi. Katika maisha ya mtu wa miaka 60 kosa hilo hufika siku 15, yaani mwongo mmoja na nusu. Maana yake ni kwamba mwana aliyerithi hesabu ya baba yake neno kwa neno, akaamini kuwa chombo huondoka katika siku ile ile aliyoondoka babu, angalikuta mlango haujafunguliwa au umekwisha kufungwa.

Hilo lilirekebishwaje? Walitazama juu. Nyota za Kilimia, kundi lile dogo ambalo jina lake latokana na kulima, zilijulikana na kila mkulima wa pwani, naye alisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mabaharia nao walikuwa na nyota zao. Kwa hiyo hesabu ya miongo haikuachwa peke yake kama sheria iliyoandikwa juu ya jiwe. Ilipimwa kwa nyota, kwa rangi ya maji, kwa kuja kwa ndege na samaki, na wazee walipoona kuwa hesabu na mbingu havipatani, walihamisha hesabu. Mbingu hazihamishwi.

Katika jambo hili naona hekima kubwa kuliko katika kuhesabu kwenyewe. Kijana aliyejiwekea ratiba ya kusoma mwezi wa Januari hukuta mwezi wa Machi kwamba haiendi tena: masomo yameongezeka, au amerudi nyumbani kwa likizo na kazi za shamba zamngoja. Wengi hapo hufanya moja kati ya makosa mawili. Ama huitupa ratiba yote, akisema nia yake imeshindwa. Ama huing'ang'ania ile ile, kama mwana aliyerithi hesabu ya babu bila ya kutazama Kilimia. Mzee wa pwani angalishangaa kwa yote mawili. Kwake yeye kupungukiwa siku mbili hakukuwa kushindwa kwa mwaka. Kulikuwa ni kupungukiwa siku mbili, na mwongo uliofuata ulikuwa na siku kumi nyingine.

Hesabu hiyo imefifia sasa. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 meli za moshi zilizidi kuja katika bahari yetu, nazo hazikuomba ruhusa ya kaskazi wala kusi. Reli ilijengwa toka Mombasa kuanzia 1896, zikaja ofisi na shule zenye kalenda ya Januari mpaka Desemba. Baada ya Vita Vikuu vya Pili majahazi mengi yalitiwa mitambo, na nahodha mwenye mtambo aweza kuondoka siku apendayo, mradi ana mafuta. Wavuvi wa Lamu bado hutaja miongo, na wakulima wa Unguja na Pemba wako ambao hawajaisahau. Lakini hesabu ya kuanzia Siku ya Mwaka mpaka siku ya 365 imebaki kwa wachache.

Makunduchi kila Julai umati hukusanyika kama zamani. Wageni huja na kamera kutoka nchi za mbali, vigogo vya migomba huvunjika migongoni mwa watu, na wanawake huimba wakiwa wamevaa kanga mpya. Kibanda cha makuti hutiwa moto, na watu wote hutazama moshi unaelekea upande gani, maana yasemekana kuwa kwa moshi huo hujulikana hali ya mwaka unaoingia. Moto ukizimika, vijana hukimbilia ngoma. Wazee wachache husalia kando ya majivu, wakiulizana mwaka huu vuli itaingia katika mwongo wa ngapi.